Mama Maabara na Ziwa Lililogoma Kuchachuka

Albina Ndunguru hapendi kuitwa mwalimu. Ukimwita hivyo anakukatiza hapohapo: "Mwalimu ni wewe, mimi ni mtunza maabara." Analisema kwa sauti kavu, mikono ikiwa ndani ya beseni la povu, na usipoangalia atakukabidhi kitambaa umsaidie kukausha chupa. Nimekaa naye nyumba moja ya walimu hapa Kihagara kwa miaka sita, mimi nikifundisha Kiswahili, na chupa nilizomkaushia sina idadi.

Wanafunzi wanamwita Mama Maabara. Kwao ni Kitura, kule juu Mbinga, kwenye familia ya kahawa na mahindi. Alimaliza kidato cha nne kwa daraja la nne, akaletwa huku ziwani kwa barua ya ajira ya muda, na muda wenyewe umefika miaka kumi na moja. Sisi wenyeji wa ziwani tunamtania kwamba miaka yote hiyo hajajifunza kula usipa, dagaa wa ziwa letu. Bado anawakata vichwa mmoja mmoja kama anayechambua mchele. Hajali. Kitu anachojali ni usafi wa chupa na ukweli wa karatasi zilizobandikwa juu yake. Hata chumvi yetu ya jikoni ameiandika: CHUMVI YA KULA, MSICHANGANYE.

Mwaka juzi shule haikuwa na mwalimu wa baiolojia. Aliyekuwepo alihamishwa na mwingine alikuwa njiani, na njia hiyo ilikuwa ndefu. Basi mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili, Lidia, binti wa wavuvi wa Mbaha, akaenda kumuuliza mtu pekee aliyekuwa na funguo za maabara.

"Shikamoo Mama Maabara. Sisi nyumbani tunakula usipa na ndimu kila siku ya Mungu. Mbona damu yetu haichachuki?"

Mtu mwingine angemfukuza. Mimi mwenyewe ningemwambia akasome. Albina alikausha mikono, akafikiri, kisha akasema, "Marahaba. Sijui. Tupime."

Walipima wiki tatu. Kipimo cha asidi cha umeme kilikuwa kimekufa zamani na karatasi za kupimia nazo zilikwisha, kwa hiyo Albina aliomba ruhusa ya Padri akachuma maua mekundu ya haibiskasi kwenye uzio wa parokia, akayachemsha. Maji yake yana rangi ya zambarau iliyochuja. Ukiyatia kwenye kitu chenye asidi yanawaka pinki, ukiyatia kwenye maji ya majivu yanakuwa kijani. Wakapanga chupa: moja ya ute wa yai, moja ya maini yaliyopondwa, moja ya usipa waliopondwa, na moja ya maji ya kawaida ya kulinganishia. Kila chupa wakaitia rangi ile, kisha wakadondosha asidi hafifu, tone moja moja, wakihesabu ni matone mangapi hadi rangi igeuke.

Ute wa yai ulivumilia matone mengi sana. Maini nayo yakavumilia, na usipa vilevile. Albina alinieleza jioni tukiosha vyombo, na ilikuwa mara ya kwanza mimi kuelewa jambo la sayansi bila kulazimishwa. Ndani ya kitu chenye uhai, alisema, kuna vitu vinavyoidaka asidi inapoingia, kama mama mwenye nyumba anavyowapokea wageni wa ghafla na kuwagawia pa kulala kabla nyumba haijavurugika. Wageni wakizidi mno, nyumba inavurugika. Lakini mpaka wazidi ni kazi.

Chupa ya maji ya kawaida ilivumilia matone ishirini na matatu. Lidia aliandika hivyo kwa sababu ndivyo alivyohesabu. Albina alirudia, akapata ishirini na matatu, akatia saini. Hakuna aliyeshtuka. Wangeshtukaje? Hawakuwa na kitabu cha kuwaambia iwe ngapi.

Mwezi wa Mei wakapanda Mbinga mjini kwenye maonyesho ya sayansi ya shule za wilaya zetu mbili, ya milimani na ya ziwani. Nilikwenda nao kama mlezi wa wasichana. Ukumbi ulijaa, na jaji mkuu alikuwa Mwalimu Raimundi, mstaafu wa kemia, mrefu, suti ya kahawia, mtu ambaye nusu ya walimu pale walikuwa wanafunzi wake. Alisikiliza maelezo ya Lidia huku akitikisa kichwa kwa furaha. Kisha kidole chake kikasimama kwenye mstari wa mwisho wa jedwali.

"Maji ya kawaida, matone ishirini na matatu?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Maji hayana kinga, binti. Yanatakiwa yageuke tone la kwanza au la pili. Hebu tufanye hapa."

Wakachota maji ya bomba ya pale pale. Lidia akatia rangi, akadondosha. Tone la pili, pinki. Ukumbi mzima uliona.

"Kwenye karatasi ishirini na matatu, mbele yangu mawili," alisema Mwalimu Raimundi, na sauti yake haikuwa ya ukali, ilikuwa ya kusikitika, jambo ambalo ni baya zaidi. "Wanangu, sayansi haipikwi. Aliyewatungia majibu haya hakuwatendea haki." Akachora mstari juu ya karatasi yetu na kuandika neno moja: *Yametungwa*.

Lidia alilia toka Mbinga hadi tuliposhuka ziwani. Albina alikumbatia sanduku la chupa njia nzima. Mimi ndiye niliyesema kwa ajili yao wote, na baadhi ya maneno niliyosema njiani si ya mwalimu wa Kiswahili.

Sitaki kumpamba Albina kuliko alivyo. Siku ya pili yake alimwita Lidia maabara akamuuliza kama aliongeza namba ili mradi upendeze. Mtoto alisimama wima akasema, "Haki ya Mungu, Mama Maabara, sikuongeza kitu," akatoka, na hakurudi tena muhula ule. Nje ya mlango aliniambia mimi kwamba mwakani wakichagua masomo atachukua historia na Kiswahili, sayansi hataki kuisikia. Mimi nilipaswa kufurahi. Nilikuwa nimepata mwanafunzi mwenye akili kuliko wote. Badala yake niliona hasira mpaka shingo ikauma. Mtoto anayeuliza kwa nini damu haichachuki anakuja kwangu kujificha kwenye mashairi kwa sababu ameitwa mwongo? Sikubali.

Mkuu wa shule, Mwalimu Vitalis, naye akamaliza kazi. Alimwambia Albina mbele ya walimu wote: "Dada, wewe osha vyombo. Hatutaki aibu nyingine." Albina akajibu, "Sawa, Mkuu," akaenda akaosha. Lakini nilimwona. Kila jioni baada ya kuosha alikuwa anarudia lile jaribio. Ishirini na matatu. Ishirini na matatu. Mara moja ishirini na mawili, akafurahi, akarudia, ishirini na matatu. Aliishuku asidi, akachanganya mpya. Aliyashuku maua. Mimi nikasema labda ni baridi ya Mbinga, akaweka chupa kwenye barafu ya muuza soda, na bado ikawa ishirini na matatu. Kwa hiyo namba ilikuwa kweli. Na yale mawili ya Mbinga nayo tuliyaona kwa macho. Kweli mbili zilizogombana, na katikati yake jina la mtoto.

Mwezi wa Julai shule ikafungwa, Albina akaenda Kitura kumsaidia mama yake kuvuna kahawa. Alibeba chupa ndogo ya asidi na nyingine ya rangi ya maua, kwa sababu alishafika mahali pa kutoweza kulala bila hizo. Haya yaliyofuata sikuyaona, lakini mama yake, Bibi Kunigunda, amenisimulia zaidi ya mara tatu na kila mara anacheka kabla ya kufika mwisho.

Walikuwa wamemenya kahawa na kuilaza kwenye maji ili utelezi utoke, kama wanavyofanya kila msimu. Asubuhi maji yale yanakuwa chachu hadi mikono inawasha. Albina, mikono imo ndani, akasimama ghafla. Akachota kikombe, akatia rangi ya maua. Pinki, bila tone hata moja la asidi. Maji ya Kitura yamelala na kahawa usiku mmoja tu, yameshachachuka. Akakimbia kwenye chemchemi nyuma ya shamba akachota maji safi, akadondosha asidi. Tone la kwanza, hakuna. Tone la pili, pinki.

"Mama!" akapiga kelele. "Si maji! Ni ziwa!"

Bibi Kunigunda alidhani kuna mtu amezama.

Hapa lazima nieleze, kwa sababu ni kosa ambalo ni sisi tu tungeweza kulifanya. Huku kwetu ukisema maji, umesema ziwa. Tunayanywa, tunapikia, tunaogea, yanasukumwa na pampu hadi kwenye tangi la shule. Bomba la maabara limeandikwa kwa mkono wa Albina mwenyewe neno MAJI, kana kwamba hakuna mengine duniani. Mtu aliyebandika karatasi hadi kwenye chumvi hakufikiri kuuliza ni maji ya wapi. Alizaliwa kwenye chemchemi za milimani, lakini miaka ya huku ilimfanya mtu wa ziwani bila yeye kujua. Nilipomwambia hivyo alikasirika kwanza, kisha akacheka.

Akarudi Kihagara na dumu la lita ishirini la maji ya Kitura. Konda alimwuliza amebeba mafuta au pombe. Alipojibu kwamba ni maji, gari lote likageuka. Mwanamke mzima anateremka mlima kupeleka maji ziwani! Walimtania hadi kituoni, na hata mama yake kabla ya kumpakia alimwambia, "Mwanangu, watu watasema nimezaa kichaa." Alilishusha dumu mwenyewe, akalipandisha begani, akapita sokoni kichwa juu.

Kabla ya kumwonyesha yeyote alikwenda Mbaha. Aliwakuta nyumbani kwa kina Lidia wakianika usipa kwenye vichanja. Akawasalimu wazazi, akageukia mtoto.

"Lidia, mimi nilikuuliza swali ambalo sikupaswa kukuuliza. Hukusema uongo. Nisamehe."

Mtu mzima kumwomba radhi mtoto mbele ya baba yake si jambo linaloonekana kila siku huku. Lidia alibaki na usipa mikononi, kisha akauliza kitu kimoja tu: "Sasa kwa nini ziwa linavumilia?"

Albina akasema lile neno lake. "Sijui. Tupime."

Nimeyaona mengi shuleni, lakini miezi ile sitaisahau. Waliweka chupa mbili sambamba, Kitura na ziwa. Mawili, ishirini na matatu. Mawili, ishirini na matatu. Ni Lidia aliyepata kilichobaki, na alikipata jikoni. Mama yake anapikia maharage magadi ili yalainike, na Lidia akajiuliza kama ziwa nalo limekunywa kitu cha aina hiyo kutoka kwenye mawe na mito. Akachukua chembe ya magadi, ndogo kama kichwa cha usipa, akaiyeyusha kwenye maji ya Kitura. Akadondosha asidi. Moja, mbili, tatu. Kumi. Kumi na tano. Maji yaleyale yaliyokata tamaa kwenye tone la pili sasa yalikuwa yanavumilia. Alipofika ishirini Albina alikaa kwenye kigoda akafunika uso kwa vazi lake la kazi. Mwalimu mpya wa baiolojia, ambaye hatimaye aliletwa mwezi wa Oktoba, alifungua kitabu akawaonyesha kwamba damu ya mtu nayo ina kitu cha ukoo huohuo wa magadi, kinachoidaka asidi na kuigeuza hewa tunayoitoa kwa kuhema. Kwa hiyo swali la ndimu likajibiwa, na kosa lao ndilo lililolijibu.

Januari Lidia akachagua sayansi. Mimi nikapoteza mwanafunzi na kutembea siku nzima nikichekacheka.

Kilichobaki kilikuwa neno moja kwenye karatasi ya Mbinga. Mwalimu Vitalis hakutaka kusikia. "Mkirudi na hadithi hiyohiyo watatucheka mara mbili." Nilisimama kwenye kikao nikasema kwamba kama shule haiendi, mimi na Albina tutaomba ruhusa ya siku moja na kumpeleka mtoto wenyewe, na kila atakayetuuliza shule gani tutamtajia kwa sauti. Akatusainia fomu. Nafikiri aliogopa sauti yangu kuliko aibu.

Mei iliyofuata, ukumbi uleule, Mwalimu Raimundi yuleyule na suti ileile. Lidia alisimama mbele ya chupa zake saba, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inakata. Akamwamkia, akasema kwamba amekuja na ile namba ya mwaka jana.

Watu waliguna. Mwalimu Raimundi akavua miwani. "Ile niliyoifuta?"

"Ndiyo, Mwalimu. Ni ya maji ya ziwa. Tulikosea kuandika jina la maji, hatukukosea kuhesabu."

Akaonyesha chupa ya Kitura: tone la pili, pinki. Akashika ya ziwa, na hapo jaji akainua mkono. Mimi nilijua anachotaka kusema, na alikuwa na haki ya kukisema.

"Chupa hiyo umetoka nayo nyumbani, binti. Nitajuaje hukutia kitu ndani?"

Hatukuwa tumelifikiria hilo. Nilimwangalia Albina. Alikuwa amekaa nyuma kabisa, kwenye viti vya madereva, kwa sababu fomu haikuwa na nafasi ya mtunza maabara. Akasimama.

"Samahani, Mwalimu. Humu ndani kuna watu wa ziwani zaidi ya hamsini. Hakuna msafiri wa kwetu anayepanda mlima bila maji ya kunywa. Chagua chupa ya yeyote unayemtaka."

Mikono ikaanza kupanda ukumbi mzima, kila mkono na chupa. Za soda, za juisi, moja hata ya dawa ya kikohozi. Mwalimu Raimundi alipita katikati ya viti asiharakishe, akamwacha huyu na yule, akasimama kwa mama mmoja wa Liuli, kijiji kingine cha ziwani, ambaye hakutujua wala sisi hatukumjua, aliyekuja kumwona mwanawe. Akamwomba maji. Mama akafuta mdomo wa chupa kwa kanga akampa.

Jaji akapima mwenyewe. Akatia rangi mwenyewe. Akashika kidondoshea mwenyewe.

"Moja," akasema.

Wanafunzi wa ziwani wakaitikia, "Moja!" Kufika tone la tano ukumbi wote ulikuwa unahesabu, hata wa milimani, hata wapishi waliosimama mlangoni. Maji yalikaa na zambarau yao kana kwamba hayajaguswa. Kumi. Kumi na tano. Mwalimu Vitalis, Mkuu wetu aliyeogopa aibu na bado akaja kutazama, alikuwa amepanda juu ya kiti. Ishirini. Ishirini na moja. Tone la ishirini na mbili likaanguka, na chupa ikawaka pinki kutoka juu hadi chini.

Mwalimu Raimundi aliinyanyua mwangani, akaitazama muda mrefu.

"Ishirini na mawili," alisema. "Yao ni ishirini na matatu. Ingekuja sawasawa kabisa ningeshuku. Hivi ndivyo ukweli unavyokuja." Kisha akageukia ukumbi, akapandisha sauti yake ya darasani. "Mwaka jana niliandika kwamba watu hawa wametunga. Hawakutunga. Nilimwita mtoto huyu mwongo kwa jambo ambalo mimi, miaka thelathini na nne nikifundisha kemia kilomita chache kutoka ziwa lile, sikuwahi kulipima hata siku moja. Nilikosea. Lidia, nisamehe. Na yule mama wa nyuma, sijui cheo chako—"

"Mtunza maabara," akasema Albina.

"—Mwalimu," akasema mzee, "nisamehe."

Nilisubiri amkatize. Hakumkatiza. Alikuwa analia waziwazi, mikono imelegea, na mimi nililia zaidi yake na wala sioni haya kuandika hivyo. Watu walipiga vigelegele, mama wa Liuli akipiga kuliko wote, akidai ni maji yake yaliyoshinda.

Lidia peke yake ndiye aliyebaki ametulia. Alisubiri kelele zipungue, akaipokea chupa kutoka mkononi mwa jaji na kuandika kwenye daftari lake: *maji ya ziwa, Liuli, 22*. Kisha akamvutia mzee kiti.

"Asante, Mwalimu. Karibu uketi. Hizo ni chupa mbili, bado tano."

Mwalimu Raimundi akaketi, akatoa kalamu, akaanza kuandika anayoambiwa.